Mzee Melkizedeki na Boksi la Daktari

Mzee Melkizedeki alikuwa na makoti mawili. La kwanza lilikuwa jeupe, la maabara, lenye doa la zambarau mfukoni ambalo lilishindikana hata kwa jiki. La pili lilikuwa jeusi, zito, limechakaa kwenye kola, na hilo hatukuwahi kuliona kazini mpaka siku nitakayoisimulia. Koti jeusi alilivaa akienda kuposa. Si kujiposea, maana yeye na mama Anande walioana kabla mimi sijazaliwa. Aliwaposea watu. Kule kwao Nkoaranga alikuwa mshenga anayetafutwa kuliko wote, na ndoa kumi na tisa zilikuwa zimepita mikononi mwake. Moja tu ndiyo iliyovunjika, na ukimuuliza habari zake alisonya na kusema, "Ile walinipa maneno ya uongo nibebe."

Mimi naitwa Nice. Wazazi wangu ni wa Machame, lakini nilizaliwa na kukulia mjini, Sombetini, na Kichaga changu kilitosha kuombea maji tu. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha ufundi sanifu wa maabara, na mdomo ambao mama alisema utanikosesha mume. Baba yangu, Dismasi, alikuwa amepunguzwa kazi. Kiwanda chao kilibinafsishwa, mwekezaji akaja na watu wake, na baba akarudi nyumbani na saa ya ukutani aliyopewa kama shukrani. Saa yenyewe ilikuwa inachelewa. Kwa hiyo mkataba wangu wa mwaka mmoja kwenye kituo kile cha utafiti wa mifugo, nje kidogo ya Njiro, ndio uliokuwa unainjika chungu cha nyumbani, na mimi nilikuwa naushika kama yai.

Mkuu wetu alikuwa Daktari Violet, Mchaga mwenzangu, mwanamke mwembamba aliyetembea haraka hata akienda chooni. Alikuwa anatafiti ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama huku kwetu. Kimelea chake kikiingia kwenye chembechembe nyeupe za damu ya ng'ombe hakiziui. Kinazipa ujumbe wa uongo, nazo zinaanza kuzaana bila kukoma. Daktari alitaka kujua ujumbe huo unapitia mlango gani.

Siku moja alituchorea ubaoni. Alieleza kwamba ujumbe unaotoka kwenye ukingo wa chembe hauwezi kufika ndani wenyewe. Kuna protini ya katikati, ambayo yenyewe haifanyi kazi nyingine yoyote. Inashika mkono wa huyu wa nje na mkono wa yule wa ndani, basi. Isipokuwepo, wawili hao hawakutani kamwe. Mzee Melkizedeki alikuwa amekaa nyuma, miwani imeshuka hadi puani.

"Kumbe ni mshenga," akasema.

Daktari alicheka hadi akaangusha chaki. Tangu siku ile, kwenye maabara yetu protini ile iliitwa mshenga, hata kwenye lebo za friza.

Mzee hakuwa msomi. Alianza ujana wake kwa kuosha chupa hospitalini Nkoaranga, akaonyeshwa hadubini na muuguzi mmoja mgeni, na tangu hapo hakuiacha. Kwenye slaidi ya damu alikiona kimelea kabla Daktari hajamaliza kurekebisha lenzi. Lakini hakujivuna. Kilichompa heshima machoni pake mwenyewe ni ushenga, na miiko ya ushenga aliileta kazini. Kama umempa sampuli aipeleke chumba cha pili, ataifikisha ilivyofungwa, na maneno uliyomtuma atayasema yalivyo, bila kuongeza chumvi. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, "Mzee, wewe hata salamu unazipeleka na risiti." Alinijibu kwamba mshenga anayefungua kibuyu cha pombe njiani ili aone kama kimejaa, hata asipoonja, atashukiwa mpaka anaingia kaburini.

Protini yenyewe tuliiagiza ng'ambo. Ilikuwa ya binadamu, maana ya ng'ombe haikuwa ikiuzwa, na Daktari alisema hizo mbili zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Haikutolewa kwa mtu. Kule kiwandani wanachukua maelekezo yake wanayapandikiza ndani ya bakteria, bakteria wanaitengeneza, kisha inachujwa mpaka inabaki safi. Tuliisubiri miezi minne. Ripoti ya wafadhili ilikuwa inadaiwa mwisho wa Septemba, na kila mtu alijua kwamba bila ripoti nzuri mradi unafungwa.

Boksi likafika Alhamisi moja ya mwezi wa nane, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na Mzee ndiye aliyekwenda kulichukua na pikapu ya kituo. Lilikuwa boksi jeupe la povu gumu, jepesi kama deli la wauza aiskrimu, na pembeni mwa mfuniko ulitoka moshi mwembamba wa barafu kavu, ile isiyoyeyuka kuwa maji bali huisha yote kwa kutoka moshi. Daktari hakuwepo. Alikuwa Machame, amefiwa na mama mkwe, na asingerudi hadi Jumatatu. Simu ya mkononi alikuwa nayo, lile dubwana lenye antena, ila mtandao wa miaka ile haukuwa unapanda hadi kwenye migomba ya huko.

"Mzee, hapa wameandika lifunguliwe mara tu linapofika," nikamwambia.

"Nimesoma."

"Basi tufungue. Tuigawe kwenye vichupa vidogo, tuiweke kwenye friza kubwa."

"Nice mwanangu, soma na jina."

Jina lilikuwa la Daktari Violet, kwa herufi kubwa, na chini yake wameandika kwamba ni lake binafsi. Wazungu wanaandika hivyo kwenye kila kitu. Lakini kwa Mzee Melkizedeki, jina likishaandikwa limeandikwa.

"Mwenyewe yuko msibani, mimi nimfungulie mzigo?" akasema. "Hili boksi halijafika. Limefika kwangu tu. Likifika kwa mwenyewe, ndiyo limefika."

Ningeweza kubishana. Nilikuwa na mdomo, nimeshasema. Lakini alikuwa na miaka hamsini na minane na mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na mambo ya msiba na heshima yakishaingizwa kwenye mazungumzo, mtoto wa Kichaga hana pa kushika. Friza kubwa, ile ya nyuzi themanini chini ya sifuri, ilikuwa imejaa sampuli, na boksi zima halikuingia. Akaliweka kwenye chumba cha baridi tunakotunza chanjo. Chumba kile ni baridi ya kutunza maziwa, haigandishi kitu. Niliondoka kwenda nyumbani nikijiambia kwamba barafu kavu itavumilia.

Jumatatu asubuhi nilipoingia, boksi halikuwa tena kwenye chumba cha baridi. Lilikuwa ndani ya friza kubwa, na sampuli zilizotolewa kulipisha zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye friza ya jirani. Baadaye nilikuja kujua kwamba Jumapili baada ya ibada, Mzee aliteremka kutoka Nkoaranga kulitazama, akalinyanyua, akakuta limekuwa jepesi mno na halitoi moshi tena. Akaogopa. Hata hapo hakulifungua. Alipanga upya friza nzima kwa mikono yake ili boksi la mwenyewe liingie likiwa limefungwa.

Daktari alirudi saa nne, kitenge cha msiba bado kimefungwa kiunoni. Alikata gundi kwa mkasi, akaingiza mkono, akatoa kichupa kimoja cha plastiki kisichozidi kidole cha mwisho. Akakibonyeza. "Kimeganda vizuri," akasema kwa furaha, akanipa mimi nikayeyushe taratibu na kugawa, kisha akaenda ofisini kusoma barua zake.

Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Protini hizi hugandishwa kichupa kikiwa kimesimama, kwa hiyo tone hukaa chini kabisa, kwenye ncha. Tone letu lilikuwa limelala ubavuni, refu na jembamba, kama mafuta ya kupikia yanavyoganda mwezi wa saba kwenye chupa iliyolazwa. Nikakitazama mara ya pili. Hapakuwa na maana nyingine. Lilikuwa limeyeyuka ndani ya boksi, likakaa maji sijui siku ngapi, kisha likagandishwa upya, na mshenga wa namna hii akishayeyuka na kugandishwa hivyo mikono yake hulegea.

Mzee alikuwa amesimama meza ya pili, ananipa mgongo, anaosha slaidi ambazo zilikuwa safi tayari.

Nilinyamaza. Nataka niseme wazi kwa nini, kwa sababu nimejidanganya miaka mingi kwamba ilikuwa adabu. Adabu ilikuwepo kidogo. Utamwambiaje mtu mzima, mbele ya mkuu wake, kwamba ameharibu mzigo wa miezi minne? Lakini zaidi ya adabu ilikuwa woga. Siku ya Alhamisi nilikuwepo, niliyasoma maandishi, na nikaenda nyumbani kula. Nilidhani nikinyamaza, labda protini itakuwa nzima. Nikaigawa kwenye vichupa kumi, nikaandika tarehe.

Haikuwa nzima. Jaribio letu lilikuwa la kuchanganya mshenga na wenzake, kisha kupiga picha kwenye karatasi ya eksirei. Mshenga akishika mkono, unatokea mstari mweusi. Mara ya kwanza karatasi ilitoka nyeupe. Mara ya pili nyeupe. Mara ya tatu Daktari akasimama nyuma yangu kwenye chumba cha giza, nikamsikia anavyopumua. Mara ya nne alikagua kila kitu, maji, chumvi, bomba za kunyonyea, mpaka akaishia kwenye kitu pekee ambacho hakuwa amekikagua, yaani mimi.

"Mikono yako ni mizito," akaniambia Ijumaa jioni ya wiki ya tatu, ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kukosa usingizi. "Sina protini ya kufundishia mtu, Nice. Mkataba ukiisha mwezi huu, sitauhuisha. Nitakuandikia barua nzuri."

Nilimwangalia na neno likiwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nikisema sasa, ataniuliza, wiki tatu ulikuwa wapi? Nikasema, "Sawa, Daktari." Nilipotoka nilimpita Mzee Melkizedeki koridoni. Mlango ulikuwa wazi, na najua alisikia. Nilimchukia siku ile, namwomba Mungu anisamehe. Nilimchukia mpaka nikashindwa kumuaga, nikafika Sombetini nikakaa chini ya ile saa ya baba nikalia.

Jumatatu alikuja na koti jeusi.

Alikuwa amevaa na kofia ya pama, na mkononi ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Tulikuwa watatu tu maabara, mimi, Daktari, na yeye. Alifungua gazeti taratibu. Ndani kulikuwa na jani la sale, bichi, limefungwa fundo. Mtoto wa Sombetini kama mimi hajui mengi, lakini sale mama alinifundisha. Ndiyo majani ya mpaka wa shamba, na ndiyo majani ya kuomba radhi. Ukiletewa sale hata na aliyekuulia ndugu, unalipokea.

Daktari alidhani linakuja kwake. Alinyanyuka kwenye kiti, akavuta kitenge, uso umebadilika. Mzee akampita. Akaja hadi mbele yangu, akavua kofia, akainama, mzee yule wa ndoa kumi na tisa, akanipa jani kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyeliacha boksi kwenye chumba cha baridi siku tatu," akasema. "Jumapili niliona limekufa nikalificha kwenye friza. Mikono mizito ni yangu, si ya huyu mtoto. Nimemwacha abebe mzigo usio wake, na mimi ndiyo kazi yangu kujua mzigo ni wa nani."

Nililipokea. Lilikuwa la baridi, lina umande bado. Daktari alikaa chini akashika kichwa. Halafu akaniuliza polepole, na sauti yake naisikia hadi leo, "Na wewe Nice, ulipokigawa kile kichupa, hukuona chochote?"

Jani lilikuwa mikononi mwangu.

"Hapana, Daktari," nikasema.

Mzee aliinua macho akaniangalia, kisha akageuka akatazama dirishani, ambako Mlima Meru ulikuwa umefunguka siku ile hadi kileleni.

Mengine yalikwenda haraka. Daktari alipiga simu ng'ambo, akawaeleza ukweli, wakatuma kichupa kingine bila kutudai. Kilipofika nililifungua boksi palepale barazani, hata dereva hajazima gari. Mstari mweusi ulitokea kwenye karatasi, mnene, na wafadhili wakaongeza miaka mitatu. Mzee aliandika mwenyewe barua ya kustaafu mapema. Daktari hakumfukuza, ila hakumzuia pia. Mkataba wangu ukahuishwa, kisha nikaajiriwa moja kwa moja. Ile saa ya baba tuliitoa ukutani tukaweka nyingine.

Miaka sita nilipanda Nkoaranga mara mbili tu, na mara zote nilikuwa na watu. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, tukazungumza bei ya kahawa ilivyoanguka tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, na mama Anande akanifungia ndizi. Nilipokuwa naondoka Mzee alinisindikiza hadi kwenye kilima, akasimama kama mtu anayengoja aambiwe kitu. Sikumwambia.

Mwaka 2004 nilifanywa mkuu wa maabara. Daktari Violet aliandaa chakula kidogo nyumbani kwake Njiro, akasimama akanisifia mbele ya watu. Alisema ujuzi unafundishika, lakini ukweli mtu anazaliwa nao, na kwamba ananikabidhi funguo zile kwa sababu hajawahi kunisikia nikisema uongo. Watu wakapiga makofi. Pilau ilinikwama kooni, nikasingizia mfupa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Nkoaranga peke yangu. Sombetini hakuna sale, kila ua ni bati na tofali, na niliona aibu kuomba kwa mtu. Njia ile ni ya kupanda kwelikweli, na nilipofika karibu na kwa Mzee nilikuta ua mzima wa masale mabichi kando ya njia. Nikachuma jani moja, nikalifunga fundo kama nilivyokumbuka.

Alikuwa amekaa nje, anachambua kahawa kwenye ungo, miwani minene kuliko ya zamani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Sikukaa. Niliinama nikampa jani kwa mikono miwili, nikaanza kueleza, maneno yakatoka hovyo, tone, dirisha, Daktari, pilau. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaligeuza lile jani.

"Hili umelikata uani kwangu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hata fundo umekosea." Alitabasamu kidogo, halafu akaacha. "Nilikuona siku ile. Dirisha lilikuwa mbele yangu, kioo kilikuonyesha. Ulikiinua kichupa mara mbili."

"Ulijua? Mbona hukusema, Mzee, uliponisikia nasema hapana?"

"Ningesema, tungeondoka wawili. Na baba yako alikuwa hana kazi."

Nililia palepale, mkuu mzima wa maabara, kamasi na machozi, na mama Anande aliyekuwa anatoka jikoni na chai akarudi ndani kimya kimya. Mzee aliningoja nimalize. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alinyoosha mkono, akanirudishia jani.

Sale halirudishwi. "Hulipokei?" nikamuuliza.

"Mimi nimekusamehe tangu siku ile, sina la kupokea. Uongo uliusema kwa nani?"

"Kwa Daktari."

"Basi hili halijafika," akasema. "Limefika kwangu tu."

Nikamwambia kwamba atanivua cheo. Alisema inawezekana. Nikamwambia sijui nitaanzaje, kwamba nikifika mlangoni kwake mdomo wote utaniisha. Hapo ndipo alipoweka ungo chini, akashika magoti, akanyanyuka kwa shida, akaita ndani, "Mama Anande! Niletee lile koti jeusi."

Alilivaa juani, vifungo vyote, akachukua kofia. Lile jani alilifungua, akalifunga upya fundo sahihi, akanipa nilishike mwenyewe. Tukaanza kuteremka kuelekea barabarani kutafuta gari la Njiro, yeye akiwa mbele na fimbo yake, mimi nyuma, na njia nzima hakuniuliza nitasema nini.